Kufuta faili zisirudi tena: jibu kwa dada anayetaka kumpa mpwa wake kompyuta

Dada yangu uliyeuliza, salaam aleikum. Umesema kwamba kompyuta ya mkononi uliyoitumia nyumbani kwa miaka sita unataka kumpa mpwa wako anayeanza masomo pale Tudor, kwamba umezifuta hati zako zote na kulimwaga pipa la taka, na kwamba ulipojaribu programu moja ya kurudisha faili uliona majina ya hati zile zile yamejipanga mbele yako kana kwamba hukugusa kitu. Ukauliza kama ipo njia ya kuzifuta zisirudi tena, bila kuiondoa Windows. Njia ipo, lakini inategemea aina ya diski iliyomo ndani ya mashine yako, na wengi waliokujibu kabla yangu wamekupa dawa moja kwa maradhi mawili.

Mimi nina saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na mtandao, huku Majengo, Mombasa, kwa miaka kumi na mitatu sasa, na ninayokuandikia niliyajua kwa kuaibika. Mwaka wa 2016 nilinunua mashine mpya, zile kuukuu tatu nikamuuzia kwa bei ya kutupa kijana mmoja fundi mwenye kibanda karibu na Mwembe Tayari. Kabla ya kumkabidhi nilifanya kila nililodhani linatosha: nilifuta folda zote za wateja, nikamwaga pipa, kisha nikazifomati diski kwa ile fomati ya haraka ambayo humalizika kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Wiki mbili baadaye kijana yule alikuja dukani baada ya alasiri, akangoja wateja watoke, akanitolea flashi mfukoni. "Ami," akaniambia kwa sauti ya chini, "nilitaka kuokoa picha za harusi za mteja wangu, nikasema niijaribu programu kwanza kwenye mashine zako. Tazama mwenyewe." Nilipoifungua niliona vitambulisho vya watu wa mtaani kwangu, mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa, fomu za kodi zenye namba za PIN, na barua ya hospitali ya mama mmoja ambaye mpaka leo hunisalimia kila asubuhi akipita kwenda sokoni. Kijana hakuniomba hata shilingi. Nilikaa nikihesabu ni mashine ngapi nilizowahi kuuza kabla ya hizo tatu.

Programu aliyoitumia inaitwa PhotoRec, ni ya bure, na iliandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Haina haja ya majina ya faili wala ya orodha yoyote. Hupita juu ya diski sehemu baada ya sehemu ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo, ikiikuta alama ya mwanzo wa picha huichota picha yenyewe. Ndiyo maana kwenye flashi ile hakukuwa na majina niliyoyapa mimi, bali namba tupu, na ndiyo maana fomati yangu ya haraka haikumzuia chochote.

Chukua mfano wa bohari la pale Kilindini na daftari la karani wake. Windows nayo ina daftari lake, jedwali liitwalo MFT, ambamo kila faili ina mstari wake wenye jina, tarehe na mahali mzigo ulipowekwa. Ukifuta faili na kumwaga pipa, au ukibonyeza Shift pamoja na Delete ili isipite pipani kabisa, karani hukata mstari ule na kuandika kwamba nafasi ni wazi. Magunia yenyewe hayaguswi. Yatakaa pale siku moja au miaka mitano, mpaka shehena nyingine itakapoletwa ikapangwa mahali pale pale. Fomati ya haraka ni kumpa karani daftari jipya lisilo na mstari hata mmoja, huku bohari limejaa. Fomati kamili ni jambo jingine: tangu Windows Vista huandika sifuri kwenye diski nzima, ilhali katika Windows XP ilikuwa ikikagua tu kama kuna sehemu zilizoharibika. Na yale majina uliyoyaona, dada yangu, ni mistari iliyokatwa ambayo bado inasomeka.

Basi kufuta kwa kweli kwenye diski ya zamani, ile yenye sahani za sumaku zinazozunguka, ni kuandika kitu kingine juu ya nafasi iliyo wazi. Windows inayo amri ya kazi hiyo ndani yake, huhitaji kununua wala kupakua kitu. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uandike cipher /w:C:\ kisha uache mashine ifanye kazi. Itaandika duru tatu, ya kwanza sifuri, ya pili kinyume chake, ya tatu namba za kubahatisha, na haitagusa faili yoyote ambayo hujaifuta. Usiianze saa ya kulala ukitarajia kwamba kabla ya usingizi itakuwa imekwisha: diski ya gigabaiti 500 iliyo karibu tupu, ikiandika megabaiti 80 kwa sekunde, hutumia kama saa moja na dakika 45 kwa duru moja, kwa hiyo zaidi ya saa tano kwa zote. Chomeka chaja. Mara ya kwanza nilipoitumia stima ilikatika katikati, na mashine ile haikuwa na betri. Nilipoiwasha tena diski ilionyesha kwamba imejaa hadi pomoni, nikadhani nimeiua. Kumbe amri ile hujenga folda ya muda iitwayo EFSTMPWD na kuijaza, ikikatizwa folda hubaki na uchafu wake. Uifute kwa mkono na uanze upya.

Udhaifu wa cipher ni kwamba haiyasafishi majina. Kama jina la faili lenyewe ni siri, na mara nyingi ni siri, kwa sababu mtu huandika jina la mgonjwa na ugonjwa wake mumo humo, ni afadhali kuifuta faili kwa SDelete kabla hujaifuta kwa njia ya kawaida. Hii ni programu ndogo ya Mark Russinovich, hupatikana bure kwa Microsoft katika mkusanyiko wa Sysinternals. Huandika juu ya faili, kisha huibadilisha jina mara 26, kila mara kwa herufi moja ya alfabeti, ndipo ikaifuta. Inaweza pia kusafisha nafasi wazi, pamoja na mistari iliyo wazi katika daftari la MFT, ambamo faili ndogo sana huwa zimehifadhiwa ndani ya mstari wenyewe wala hazina gunia bohari. Hata hivyo haiyaondoi majina ya faili zilizokwisha kufutwa zamani, na mwandishi wake amelisema hilo wazi.

Mmoja wa waliokujibu alisisitiza kwamba lazima uandike mara 35. Hadithi hii ina mwenyewe: Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland aliandika makala mwaka 1996 kuhusu diski za wakati ule, na duru zile 35 zilikusanya mbinu za kila aina ya diski iliyokuwapo, kwa hiyo hapakuwa na diski hata moja iliyozihitaji zote. Yeye mwenyewe baadaye alilalamika kwamba watu wameigeuza kuwa hirizi. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2006 ulisema kwamba kwa diski zilizotengenezwa baada ya mwaka 2001 zenye zaidi ya gigabaiti 15, kuandika mara moja kunatosha. Mimi huandika mara moja kwa SDelete au mara tatu kwa cipher kwa sababu tu yenyewe hainipi hiari.

Kazi kubwa kuliko kuandika ni kuzitafuta nakala, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kusafisha nafasi wazi hakugusi kilicho hai, na faili uliyoifuta huenda ina ndugu zake walio hai mahali pengine. Pita kwanza kwenye folda ya vipakuliwa, ambako barua pepe na WhatsApp huangusha kila kitu. Angalia sehemu ya ulinzi wa mfumo, kwa sababu Windows huweka matoleo ya kale ya faili pamoja na alama zake za kurejea (restore points), zifute. Vijipicha vidogo unavyoviona kwenye folda ya picha huhifadhiwa pembeni, navyo hubaki baada ya picha kuondoka, ila zana ya kusafisha diski iliyomo ndani ya Windows itavitoa. Iko pia faili ya hali ya kulala, hiberfil.sys, ambayo mashine ikilala usingizi mzito hubeba nakala ya yale yaliyokuwa kwenye kumbukumbu. Andika powercfg /h off nayo itaondoka, na nafasi yake itaingia katika nafasi wazi itakayosafishwa. Kisha kuna wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni: OneDrive binafsi na Google Drive zote zina mapipa yao ya taka, ambayo hushika ulichofuta kwa siku 30. Haya yote yatangulie. Ukisafisha kwanza ndipo ukafute alama za kurejea, umeacha magunia mapya bila kusafishwa.

Kule kuandika juu nilikokueleza ni kwa diski ya kuzunguka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende sehemu ya utendaji (Performance), na kwenye Windows 10 ya karibuni au Windows 11 utaona chini ya jina la diski imeandikwa HDD, yaani ile ya kuzunguka, au SSD, yaani ya chipu zisizo na kitu kinachozunguka. Ikiwa ni SSD, acha cipher, acha SDelete. Chipu za diski hizi haziwezi kuandikwa juu ya maandishi yaliyopo. Zinaandikwa kwa kurasa ndogo lakini hufutwa kwa mafungu makubwa, na kidhibiti cha ndani huhamisha maandishi huku na kule ili chipu zichakae kwa usawa. Wewe unadhani unaandika mahali pale pale, kumbe kidhibiti kimekupeleka mahali pengine na kuacha nakala ya zamani katika akiba ambayo Windows haiioni. Utakuwa umeichosha diski bure.

Kinachofanya kazi upande huu ni TRIM, ambayo Windows inayo tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Ukifuta faili, Windows huiarifu diski kwamba kurasa zile hazina kazi tena, nayo huzisafisha kwa wakati wake. Hakikisha imewashwa kwa kuandika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa sifuri, imewashwa. Kisha uiamuru Windows iboreshe diski ili ipeleke taarifa zote kwa mara moja. Baada ya hapo programu za kina PhotoRec kwa kawaida hazipati kitu, ingawa mimi siiti hiyo dhamana, kwa sababu uamuzi ni wa kidhibiti. Tena usiitegemee kwa flashi wala kadi ya kamera. Jambo nililolifanya saibani baada ya aibu ile ni kusimba diski zote tangu siku ya kwanza, yaani kuyageuza maandishi yake kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, kwa BitLocker kwenye Windows ya Pro, na kwa VeraCrypt kwenye zile za Home. Siku ya kuiuza mashine nautupa ufunguo, na kilichobaki hakina maana kwa yeyote. Hata hivyo kusimba leo hakuzifichi faili ulizofuta mwaka jana kama umechagua kusimba nafasi iliyotumika peke yake. Chagua diski nzima.

Kwa diski iliyokufa, isiyowaka wala kuandikika, hakuna amri itakayokusaidia ila nyundo. Jirani yangu mmoja alinishauri nikaitupe baharini pale Mama Ngina. Chumvi ingekula bodi yake ya umeme, naam, lakini maji hayaondoi sumaku kwenye sahani. Sahani za diski za kompyuta za mkononi mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vipande, kwa hiyo zifunge kwanza ndani ya gunia na uvae miwani. Ya SSD usipige kifuniko ukaridhika. Piga kila chipu.

Nikirudi kwako, nakushauri ulegeze sharti lako la kutoiondoa Windows. Mashine inakwenda kwa mtu mwingine, kwa hiyo chukua unavyovihitaji, kisha tumia sehemu ya kuweka upya kompyuta katika mipangilio, uchague kuondoa kila kitu, na kabla ya kuthibitisha ubadilishe mipangilio ili isafishe diski pia. Watu hukiruka kipengele hicho cha mwisho kwa sababu huchukua saa kadhaa, na bila hicho umefanya fomati yangu ya 2016. Windows itarudi ikiwa mpya, na leseni ya Windows 10 au 11 iliyokwisha kuamilishwa huitambua mashine yenyewe, hivyo mpwa wako hatanunua nyingine.

Ikikwisha, usiniamini mimi. Pakua PhotoRec, uielekeze matokeo yake kwenye diski ya nje na si kwenye diski unayoikagua, uiache ipite. Itatoa picha na maandishi ya Windows yenyewe, nembo na sauti ndogo ndogo, hayo yasikushtue. Ukiona hata kitambulisho kimoja, usimpe mashine bado. Niandikie hapa ni HDD au SSD na ilichukua saa ngapi kusafishwa, nitakujibu nikishafunga duka.