Kilomita 400 kwa ndege ni muda gani hasa?

Ukitafuta umbali kati ya viwanja viwili vidogo vya ndege utapewa namba mbili: kilomita, tuseme 400, na muda wa safari. Ya kwanza iamini. Ya pili ichunguze kabla hujapanga siku yako.

Kilomita hizo hupimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, uwanja hadi uwanja. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, kila moja kilomita 1.852, kwa hiyo 400 zetu kwao ni kama 216. Ila ndege haiendi hivyo moja kwa moja. Kwa kawaida hupaa ikiukabili upepo, hata kama uendako ni upande wa pili, ndipo igeuke. Na kule mwisho huzunguka tena ili itue vilevile.

Mimi huuliza kwanza aina ya ndege. Viwanja vidogo huhudumiwa sana na ndege za pangaboi kama ATR 72, zinazokwenda karibu kilomita 500 kwa saa. Hizo ni dakika 48. Jeti ya kilomita 800 kwa saa ingetumia 30, lakini hilo ni la kwenye karatasi, maana kwa umbali huo haijamaliza kupanda vizuri inaanza kushuka. Kwa safari fupi siongezi hata senti kwa ajili ya jeti. Kisha najumlisha nusu saa ya ndege kutembea ardhini, kusubiri ruhusa, kupanda na kushuka. Inakuja kama saa moja na robo, na ratiba za mashirika huwa karibu na hapo, kwa kuwa huhesabu tangu ndege inapotoka maegeshoni hadi inapoegesha tena.

Upepo nao usiudharau. Upepo wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele, wa kilomita 80 kwa saa huzigeuza zile dakika 48 kuwa 57. Ukirudi nao ukikusukuma, ni 41. Na kumbuka saa za kwenye tiketi ni za kila uwanja mahali pake. Viwanja vikiwa kwenye kanda tofauti za saa, ukitoa moja kwa nyingine utapata jibu la uongo.

Linaloumiza zaidi ni kukosa ndege ya moja kwa moja. Chukua viwanja vyetu viwili, kila kimoja kikiwa kilomita 350 kutoka uwanja mkuu wa kubadilishia ndege. Hapo unaruka kilomita 700. Vipande viwili vya saa moja na dakika 12, kusubiri katikati saa mbili, na saa moja ya kuwahi uwanjani mwanzoni: jumla inapita saa tano, na begi likichelewa ni zaidi. Gari likipata barabara ya kilomita 400 hivi na likaenda wastani wa 80 kwa saa, linatumia saa tano. Barabara ikiwa nzuri, na haijazunguka milima au ziwa, mimi hupanda basi.