Mwanangu, mieleka usiache

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unasema hapo Lanet, chuo cha jeshi, makadeti wenzako wanakuambia uachane na mieleka, ati ukishakuwa ofisa wa Navy pale Mtongwe haifai askari wako wakuone umebwagwa kwa mkeka. Na ukaniuliza, baba, kuna mtu amewahi kufanya zote mbili zikakubali?

Yuko. Anaitwa Lloyd Keaser, Mmarekani mweusi, mtoto wa Maryland. Alisomea ile akademi ya jeshi la majini kule Annapolis, na Annapolis si mchezo, unasoma hesabu na mambo ya meli huku unafanya drili na bado jioni kocha anakungoja. Akamaliza 1972 akawa ofisa wa Marine, wale askari wa majini wanaoshuka nchi kavu. Sasa angalia: mwaka uliofuata tu, 1973, tayari ni ofisa, akaenda Tehran kwa mashindano ya dunia, kilo 68, akachukua dhahabu. Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mieleka ndiye huyo. Hakuvua yunifomu ndio ashinde, na hakuacha mkeka ndio awe ofisa.

Lakini nataka sana ujue ya 1976, Olimpiki ya Montreal. Sisi Kenya hatukuenda, Afrika karibu yote iligoma juu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Mike Boit wetu akakosa mbio zake hivyo hivyo. Keaser alienda, na akabwaga watu mpaka akafika pigano la mwisho na Mrusi, Pavel Pinigin. Siku hizo medali zilikuwa zinahesabiwa kwa alama za mapigano yote ukiziweka pamoja, kwa hivyo Keaser aliingia akijua hata akipoteza kwa pointi chache dhahabu bado ni yake. Si lazima ashinde, asipigwe vibaya tu. Pinigin yeye hakuwa na hiyo nafasi, ilikuwa lazima ashinde na ashinde kwa mbali, basi akaja na nguvu zote, ikaisha 12 kwa 1. Keaser akapata medali ya fedha.

Mimi hiyo 12 kwa 1 huniuma hadi leo na hata si ndugu yangu. Mtu hakupigwa juu ya kukosa nguvu, alikuwa bingwa wa dunia jamani! Ninavyoona mimi, ukishaanza kupiga hesabu ya kiasi gani unaweza kupoteza, mwili nao unasikia, mikono inalegea, na mwenzako anajua. Hiyo ndiyo naogopa kwako, si mieleka. Naogopa uanze kusema nitafanya jeshi nusu na mieleka nusu, zote zitatosha.

Na usidhani ni ya Marekani peke yake. Naftali Temu wa kwetu huku upande wa Kisii alikuwa mwanajeshi, na 1968 akaleta dhahabu ya mita 10,000 kutoka Mexico, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Wakubwa wako hapo Lanet wanajua hiyo historia kuliko mimi. Kwa hivyo usifanye mazoezi kwa kujificha, enda kwa ofisa anayesimamia michezo umwambie wazi unataka kuendelea, uulize saa gani mkeka uko huru, na kama atasema ungoje mpaka upate kamisheni basi ngoja, lakini mbio za asubuhi na mazoezi ya shingo usiache hata wiki moja, shingo ikilegea kuirudisha ni kazi.

Hao wanaosema askari hawataheshimu ofisa aliyebwagwa, waache waseme. Askari anaangalia vile unaamka. Ukiamka ukampa mwenzako mkono mkaanza tena, huyo askari atakufuata hata baharini.

Viatu vya mkeka vyako viko hapa Kisumu, nitavituma na matatu Ijumaa, enda uchukue Nakuru stage. Mama anauliza kama chakula ya huko imekuongeza kilo, mpigie umwambie juu mimi haniamini.

Ni mimi,
Baba