Binti anataka kuishi kwa sanaa: akawaulize nini wanaoifanya hapa Mombasa

Dada, umeuliza kama binti yako, anayemaliza Gredi ya 9 na anayetaka kuchukua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ataweza kuishi kwa kuchora, na kama hapa Mombasa kuna watu wa kumweleza ukweli wa kazi hizo. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika kati ya wanaosema sanaa hailipi na wanaosema aachwe afuate moyo wake. Mimi nimeishi kwa usanifu wa michoro kwa miaka mingi, natengeneza nembo, kadi za harusi na mabango, na kila likizo huja mwanafunzi mmoja au wawili kuketi ofisini kwangu, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Swali la kama sanaa inalipa lisiwe la kwanza, kwa sababu fundi hulijibu kwa hali ya mfuko wake wiki ile: aliyelipwa jana atasema inalipa, na anayedaiwa kodi ya duka atamwambia akasomee uuguzi. Lenye faida ni kumwomba asimulie kazi moja tu, tangu mteja alipoingia mlangoni hadi pesa zilipoingia kwenye simu. Nikiulizwa hivyo mimi, nitasimulia kadi ya harusi. Mteja huja na picha aliyotumiwa kwa WhatsApp, tunapatana bei, analipa arubuni, nami naanza kuchora. Nikishampelekea mchoro wa kwanza ndipo familia mbili zinapoanza kuusoma: upande mmoja unataka jina la babu litangulie, upande wa pili unauliza kwa nini nambari ya simu ya shangazi haipo, na bibi harusi mwenyewe anataka dhahabu ing'ae kama alivyoiona kwenye skrini. Hapo hunibidi nieleze kwamba skrini hutoa rangi kwa mwanga ilhali mtambo huchapa kwa wino wa rangi nne, na kwamba wino huo hata uchanganywe vipi hautoi mng'ao wa dhahabu. Anayeutaka atalipia wino wake wa pekee au foili inayobandikwa kwa joto. Yote hayo ni kazi, na kuchora kwenyewe huchukua sehemu ndogo ya siku. Mwanafunzi aliyeketi pembeni akayasikia mazungumzo hayo mara mbili tatu hujua kama ana subira nayo, na hilo hakuna mwalimu awezaye kumpimia darasani.

Baada ya hapo mpeleke Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Akamba Handicraft, ulioanzishwa mwaka 1963. Asikimbilie chumba cha mauzo. Aende vibandani, awaamkie wazee, kisha amchague mchongaji mmoja na kumtazama asubuhi nzima. Ataona kipande cha mti kikipunguzwa kwa tezo mpaka shingo ya twiga ijitokeze bila mstari wowote kuchorwa, halafu patasi na kisu, halafu msasa, na pengine mwishoni rangi ya viatu ya kuupa mti wa bei nafuu weusi wa mpingo. Aulize kwa nini mwarubaini umekuwa mti wa kuchongea. Ataelezwa jinsi mpingo na muhugu ilivyokatwa mpaka ikaadimika, na kwamba mwarubaini hukua upesi na hupatikana karibu. Aulize pia kwa nini mtu huchonga mnyama yuleyule miaka nenda miaka rudi. Vijana wengi hulidharau jambo hilo wakidai kwamba si ubunifu, nami siafikiani nao: mkono uliolizoea umbo hulitoa upesi, na upesi huo ndio unaomwezesha fundi kuuza kwa bei ya soko na bado akabaki na kitu. Kabla hajaondoka, aulize waliishi vipi mwaka 2020, safari za ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa tangu Machi hadi mwisho wa Julai. Sijaona swali jingine linalowafanya watu wa sanaa wa Pwani waseme kweli kama hilo.

Kwa kuwa ni msichana, usiwapite mafundi wa hina wa Mji wa Kale. Wengi hawaihesabu hina kuwa usanifu. Mimi naihesabu, tena naiweka juu, kwa sababu anayechora kwa piko, ile rangi nyeusi ya kupambia ngozi, hana ufutio, na ua lililopinda kwenye kiganja cha bibi harusi litakwenda nalo hadi kwenye picha. Humo atajifunza pia kuhusu misimu: Ramadhani harusi hukosekana, usiku wa kuamkia Idi foleni hufika mlangoni, kisha harusi hufululiza. Anayetaka kazi hizi sharti ajue kugawa mapato ya mwezi mmoja yafike mwezi wa tatu.

Biashara Street nako kuna somo, hasa kwenye maduka ya leso, likiwemo lile la Kaderdina Hajee Essak, ambalo limekuwa katika biashara tangu 1887 na ambalo leso zake hutambulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Ainue leso moja ahesabu rangi zake. Kila rangi huhitaji kiunzi chake cha kuchapia, kwa hiyo uchache wa rangi ni hesabu ya gharama, na mchoraji hodari ni yule anayeujaza mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, na pindo lake kwa rangi chache bila nguo kuonekana maskini. Kisha atafute jina la aliyeichora. Hatalipata, na ni vizuri alijue hilo mapema.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wazazi huwa hawaliulizi kabisa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa kama wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Ndiyo maana kwenye ankara zangu kuna mstari unaosema mchoro utatumika wapi na nani anabaki na haki. Binti amwombe kila msanifu atakayemtembelea amwonyeshe ankara yake. Asiye nayo naye atakuwa amemjibu.

Kuhusu masomo nitasema machache. Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta hufundisha sanaa na usanifu, na cheti kina kazi yake kwa anayetaka kuajiriwa. Wala asidhani kwamba atakachoanza nacho ndicho atakachomaliza nacho: Magdalene Odundo, mfinyanzi Mkenya anayejulikana duniani, alianza na sanaa ya kibiashara, akaenda Uingereza mwaka 1971, na huko ndiko alikogeukia udongo.

Anapokwenda kwa fundi asipige picha kabla ya kuomba ruhusa, maana michoro huibwa kila siku, na Ijumaa asifike karibu na saa ya swala. Akitaka kuketi siku kadhaa, kubalianeni mapema atasaidia nini, hata kama ni kukata karatasi au kupiga msasa. Kwangu anakaribishwa likizo ya Agosti, asubuhi, pamoja na daftari lake la michoro yote, pamoja na ile asiyoipenda. Alhamisi tu asije, kwani siku hiyo tunakabidhi mabango ya wikendi na hakuna mwenye nafasi ya kumjibu.