Mmeuliza, najibu: kujifunza filamu ukiwa Kigoma

Safari hii maswali mengi yametoka kwa vijana wanaotaka kujua kazi ya filamu bila kuhama mkoa. Mimi napiga video hapa mjini, na Jumamosi tunakutana na vijana kadhaa kufundishana, kwa hiyo nayajibu kwa yale ninayoyaona kazini.

Nimemaliza kidato cha nne, naishi Ujiji. Kamera sina, nina simu tu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye sauti, mdogo wangu. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia mtu anasema nini, anaondoka.

Vijana wawili waliniletea kazi waliyoshuti mwalo wa Kibirizi: mama anaanika dagaa na kueleza anavyowatambua waliokauka sawasawa. Picha ilikuwa nzuri, mikono inageuza dagaa, magamba yanameta juani. Maneno ya mama hayakusikika hata moja, upepo wa ziwa uliyameza yote. Wakarudi kesho yake na simu mbili. Moja ya picha, na nyingine wakaiwasha kinasa sauti, mama akaifunga ndani ya kitenge karibu na kifua, tundu la maiki likitazama juu. Kila walipoanza kushuti, mmoja alipiga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri unalinganisha kofi linaloonekana na kofi linalosikika, sauti na picha zinakaa pamoja. Sasa unasikia hata dagaa wanavyokwaruza mkekani.

Mengine ni mepesi. Laza simu, usiisimamishe. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Shuti jioni jua likielekea kwenye milima ya Kongo, nyuso zinakuwa laini saa hiyo. Ukitaka wavuvi wa usiku na taa zao, angalia mwezi kwanza, maana mbalamwezi ikiwa kamili dagaa hawaifuati taa na watu hawaingii ziwani. Chagua mtu mmoja na kazi yake moja, dakika 3, na uimalize. Filamu fupi iliyokwisha inakufundisha kuliko ndefu iliyoishia kwenye simu.

Kuna mtu hapa Mwanga anafundisha kushuti na kuhariri, anataka ada. Nitajuaje kama darasa lake ni la kweli?

Hili linaniuma, maana niliwahi kulipa. Wiki 6 tuliandika madaftari kuhusu aina za kamera, na kamera yenyewe ikabaki kabatini. Nikapewa cheti. Harusi yangu ya kwanza sikujua kuipanga kamera iendane na rangi ya taa za ukumbini, bibi harusi akatoka wa bluu kuanzia kuingia hadi keki. Ile siku hairudiwi, na yule dada hana video nyingine.

Kwa hiyo omba kukaa siku moja bure kabla hujatoa hela. Hesabu wanafunzi wangapi wanagawana kamera moja. Halafu omba uonyeshwe kazi za wanafunzi waliopita, siyo za mwalimu, na majina yao yawepo mwishoni. Kama hana, rudi nyumbani na ada yako.

Njia nyingine ni kumfuata mpiga video wa harusi kama msaidizi. Utabeba taa, utakunja nyaya, utalala saa 9 usiku. Unajifunza haraka sana, mradi mkubaliane mapema: nauli na chakula ni juu ya nani, na ni lini utashika kamera. Bila hilo la pili utakunja nyaya miaka miwili.

Binti yangu yuko chuo cha ualimu, anataka kukiacha aende Dar kujifunza filamu. Niko Kasulu. Nimruhusu?

Shikamoo mama. Amalize chuo kwanza, na likizo zote ashuti huko huko Kasulu. Moyo ukiwa bado uko huko, aombe nafasi mahali panapofundisha sanaa kwa mpangilio: TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na akiitwa kufanyiwa majaribio nyumba ya wageni, asiende, hata anayemwita awe na jina kubwa namna gani. Majaribio ya kweli hufanyika mchana, mahali pa wazi, na ndugu anaruhusiwa kukaa.

Ni lazima kibali?

Filamu ya kuonyeshwa hadharani, ndiyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976 na inasimamiwa na Bodi ya Filamu. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza. Gombe ni hifadhi, huko ruhusa ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Droni usiirushe bila ruhusa, na hapa tuko mpakani. Mwaloni ongea na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kabla ya kutoa simu mfukoni.

Nikitengeneza filamu kwa Kiha, nani ataangalia?

Watu wa hapa, na ni wengi! Bibi akisimulia kwa Kiha mikono yake inasema pamoja naye. Mlazimishe Kiswahili cha kwenye redio uone, anakaa kama yuko ofisini kwa mtendaji. Weka maandishi ya Kiswahili chini kwa ajili ya wengine.

Kisha nenda kwa mwenye banda umiza, banda la kuonyeshea video, la mtaani kwenu, umwombe saa ambazo benchi ziko tupu, asubuhi ya siku ya kazi. Waite majirani na wazee. Wewe kaa nyuma, usiangalie filamu, angalia watu. Pale walipoanza kunong'onezana, andika dakika yake, ukifika nyumbani ukate. Na maandishi yale yakae kwenye kioo muda wa kutosha. Mama yangu anasoma polepole, na ameniambia mara tatu.