Shakuhachi: kaa na ro kwanza, nyimbo zitakuja

Wadogo zangu mnaotaka kuanza shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi ya Kijapani, nawaambia nilivyopitia mimi. Nilifika Japani nikiwa nimeshapuliza saksafoni miaka kumi, nikajua mwezi mmoja unanitosha, lakini wiki nzima ya kwanza ilitoka hewa tupu. Haina kidomo, ni mwanzi umekatwa mshazari kwa juu basi, sauti unaitengeneza mwenyewe na midomo, ukisogea kidogo tu imepotea.

Matundu ni matano, manne mbele na moja nyuma. Ile ya kawaida ina urefu wa shaku moja na sun nane, vipimo vya zamani vya Kijapani, kama sentimita 54 na nusu, na nane kwao ni hachi, ndo jina lilikotoka. Sasa noti zingine zinatoka wapi? Shingoni. Ukiinamisha kidevu sauti inashuka, hiyo ni meri, ukikiinua inapanda, hiyo kari, na huku vidole vinafunika tundu nusu. Wajapani wanasema kutikisa shingo tu ni miaka mitatu. Mi meri zangu zilianza kukaa kwenye tuni mwaka wa pili, tena siku nyingine zinagoma.

Kila somo mwalimu alianza na ro, noti ya chini kabisa, matundu yote yamefungwa, dakika kumi hivi, hasemi kitu, anapuliza na mimi nafuata. Iliniudhi sana maana mi nilitaka honkyoku, nyimbo za asili za shakuhachi, zile walizopuliza komuso, watawa wa Kibuddha wa Fuke waliotembea wamefunika kichwa kizima na kikapu, dhehebu lao serikali ya Meiji ikalifuta 1871. Nilipozifikia ndo nikaelewa, mule hamna kuhesabu biti, kila kipande ni pumzi moja inazaliwa mpaka inaisha, kama ro yako haina mwili huna cha kupuliza.

Na msiambiwe ni ya Wajapani tu. Riley Lee, Mmarekani, alianza 1971 na 1980 akawa mgeni wa kwanza kupewa dai shihan, daraja la juu la ualimu.

Anzeni na ya plastiki jamani, ya mwanzi kutoka kwa fundi mzuri inafika bei ya bodaboda mpya, halafu baridi ya kule ni kavu, ukiiacha karibu na hita inapasuka. Ukimaliza ifute ndani, ifunge kwenye mfuko wa plastiki. Ukisikia kizunguzungu weka chini, kaa kidogo, rudi tena kwenye ro.