Mtaro Wako Unaishia Wapi? Maswali ya Wasomaji wa Arusha Kuhusu Mafuriko Mitaani

Masika ya Machi hadi Mei yakikaribia, maswali kuhusu maji kuingia majumbani huongezeka. Mwaka huu nimeyachukua kwa uzito zaidi. Sijasahau Aprili 2024, gari la wanafunzi liliposombwa na maji hapa hapa jijini na watoto wakapoteza maisha. Haya ni baadhi ya mliyouliza.

Mbele ya nyumba yetu Sombetini umejengwa mtaro mpya wa mawe, mzuri kabisa. Lakini mvua ikipiga, maji yanaingia ndani kuliko zamani. Inakuwaje?

Pole sana, mama. Huenda mtaro wako hauna kosa, kosa liko mbele yake. Siku isiyo na mvua, ufuate kwa miguu kuelekea chini mpaka unapoishia. Usishangae kukuta mtaro wenye upana wa mita moja unaingia kwenye kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lenye kipenyo cha milimita 600, tena nusu yake imejaa mchanga, chupa na viroba. Maji yakifika hapo hayana pa kwenda. Yanarudi nyuma, yanapanda kingo za mtaro mpaka yapate upenyo, na upenyo wenyewe ndio mlango wako. Kabla ya mtaro kujengwa, maji hayo yalikuwa yakitawanyika na mengine kunywea ardhini. Sasa yanakuja yote kwa mpigo.

Ukubwa wa kalavati si jambo dogo. Ukitazama la milimita 900 na la milimita 600 unaweza kudhani tofauti ni nusu tu. Yakiwekwa kwenye mteremko ule ule, lile kubwa hupitisha maji karibu mara tatu. Kwa hiyo kubadilisha kalavati moja linalobana kunaweza kuwapa nafuu kuliko kuongezewa mita mia za mtaro.

Halafu kuna mchanga. Jiji letu liko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru kiko zaidi ya mita 4,500. Mvua iliyonyesha Ilboru na Sekei inashuka kwa kasi, na udongo wetu wa majivu ya volkano unamomonyoka upesi. Maji yanaubeba mpaka mteremko unapolala, na hapo yanautua. Mkikaa na mhandisi, mwombeni shimo la kunasa mchanga kabla ya kalavati, mahali ambapo kijana mwenye chepe anaweza kushuka na kuzoa. Bila shimo hilo mchanga unakwenda kutua ndani ya kalavati, na kuuzoa humo ni kazi ya kulala kifudifudi.

Jambo la mwisho kwako, nalo kwangu ndilo la kwanza: kazi ianzie chini, kwenye korongo au mto, iwe Themi, Naura au Burka, kisha ipande juu. Mtaro ukianzia juu ukaishia katikati ya makazi, tumewahamishia wenzetu mafuriko. Ukiitwa kwenye mkutano wa mradi, uliza kabla ya swali lingine lolote: maji haya yanaishia wapi?

Jirani yangu wa juu hapa Njiro ametandaza pevingi uwanja mzima na kujenga ukuta wenye matundu yanayotazama kwangu. Nimfanyeje?

Kaka, anza na hesabu, itakusaidia kuzungumza naye bila hasira. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa na pevingi vikifika mita za mraba 200, mvua ya milimita 40 inakushushia lita 8,000, yaani simtanki la lita 5,000 na zaidi ya nusu ya jingine. Zamani majani yake yalikuwa yakinywa sehemu ya maji hayo.

Mwombe avune maji ya paa kwenye tanki, aache ukanda wa bustani upande wa chini, na kinachobaki akielekeze kwenye mtaro wa barabara. Usikimbilie kuziba matundu, kwa sababu ukuta ukizuiwa kutoa maji unaweza kuanguka, na utaangukia kwako. Mkishindwana, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na picha zilizopigwa wakati mvua inanyesha.

Mitaro ni ya nani? Tukienda ofisi hii tunaambiwa nendeni ile.

Mitaro ya barabara kuu na za mkoa iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ya barabara za mitaa iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017. Taka ni jukumu la halmashauri ya jiji, na majitaka ni ya AUWSA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Arusha. Andikeni barua moja kupitia mtendaji wa mtaa, nakala kwa diwani, na mchore ramani hata ya mkono inayoonyesha maji yanapotoka, yanapokwama na nyumba zinazoathirika. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na mipango yake hupangwa miezi mingi kabla. Barua inayofika Aprili, watu wakiwa wameshalowa, inakuwa imechelewa kwa bajeti hiyo.

Tumekubaliana mtaani kwetu Muriet kuchanga fedha tununue makalavati na kuyaweka wenyewe. Tunakosea?

Moyo huo naupenda kwa dhati, lakini msichimbe barabara bila TARURA kuwapa vipimo na kibali. Kalavati likikaa juu zaidi ya sakafu ya mtaro kwa sentimita chache tu, maji yanatuama nyuma yake, na mtakuwa mmechanga fedha kufuga mbu.

Kazi ambayo msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanamtaa, unaiweza vizuri ni kuzibua. Fanyeni Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Hapa kuna jambo linaloniumiza sana kila nikipita mitaani. Watu wanatoa jasho asubuhi nzima kuzoa tope, kisha wanalilundika ukingoni mwa mtaro, pembeni kabisa. Lundo linakauka, watoto wanalipanda, kuku wanalichakura, na mvua ya kwanza inalirudisha lote lilikotoka. Michango yenu ikodi gari la kuondoa tope siku hiyo hiyo. Fedha hiyo itawafaa kuliko kalavati.

Vipi kuhusu mifuniko? Tunaogopa watoto kutumbukia.

Mifuniko ya zege ni muhimu karibu na shule, soko na kila mahali watu wanapovuka. Iwe vipande vifupi ambavyo watu wawili wanaweza kuvinyanyua, la sivyo hakuna atakayefungua kusafisha. Mifuniko ya chuma huibwa ikauzwa vyuma chakavu, kwa hiyo siipendekezi. Na mtaro ukijaa wakati wa mvua, mtoto asivuke hata kama maji yanaonekana ya magotini.

Shikamoo. Kuna watu mtaani wanatapisha vyoo mvua ikinyesha. Tuwaseme?

Marahaba. Ndiyo, waripotini kwa bwana afya wa kata. Maji hayo yakiingia majumbani yanaleta kipindupindu, na watoto ndio wa kwanza kuyachezea.

Nimepata kiwanja cha bei nafuu upande wa Olasiti. Nitajuaje kama maji hupita?

Dada, usilipe kabla hujakiona wakati wa mvua. Kama huwezi kungoja, tazama kuta za majirani uone mstari wa tope, angalia kama miti imeinamia upande mmoja na mizizi yake iko wazi, na uone kama mchanga umelala kwa mistari. Korongo linaweza kukaa kavu mwaka mzima, watu wakalima mahindi ndani yake, na bado likawa njia ya maji. Muulize mama wa genge au mzee wa jirani, usimuulize dalali. Kama kuna mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, hata kama muuzaji ana karatasi ya mtaa yenye mhuri. Ukiridhika na kununua, mwambie fundi ainue sakafu juu ya usawa wa barabara, na uache nafasi ya mtaro wako kabla hujachora ukuta wa uzio.