Usiliache darasa mapema

Mwalimu mwenzangu, umesema umefundisha hisabati miaka tisa na sasa unataka kuwa mkufunzi wa walimu na mtafiti, ila hujui uanzie wapi. Anzia hapo hapo darasani.

Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba mwalimu ana maarifa ya aina yake: si kulijua somo tu, bali kujua namna ya kulifanya lieleweke na mahali wanafunzi wanapokwama. Hayo ndiyo utakayowapa walimu wanafunzi, na mengi tayari unayo, hujayaandika tu. Chukua kosa moja linalojirudia, tuseme kujumlisha sehemu kiasi kwa kiasi, asili kwa asili (1/2 + 1/3 ikawa 2/5). Kusanya majibu ya wanafunzi wako, badilisha mbinu, linganisha. Alika wenzako waje kutazama, kama walimu wa Japani wafanyavyo: hupanga somo pamoja, mmoja hufundisha, wengine huchunguza wanafunzi wanavyofikiri.

Ndipo uombe shahada ya uzamili, swali lako likiwa mkononi. Uzamivu unaweza kusubiri. Mimi niliingia uzamili bila swali, na mwaka mzima uliniponyoka nikilitafuta.